Vidole na Shanga

Mama yangu alituhesabu kwa shanga. Nyumbani kwetu Mtendeni kila mtoto aliyezaliwa, awe wa tumbo lake au mjukuu, alitungiwa ushanga mmoja mweupe siku ya arobaini yake. Mtoto akifa, mama aliufumua uzi mpaka kwenye nafasi ile, akatoa mweupe, akaweka mweusi, kisha akazirudisha zilizobaki moja moja kwa mpangilio ule ule. Kazi hiyo hakumwachia mtu. Uzi ulikaa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake, na mlango ukifungwa kwa nguvu tuliusikia ukigonga mbao.

Shanga zenyewe hazikutoka dukani. Mvua za kwanza zikinyesha Tabora, ardhi inatema vitu: vigae, misumari yenye kutu, na shanga ndogo za kioo zilizoachwa na misafara ya zamani. Tulipokuwa watoto tulizifuata kwenye mifereji mpaka njia ya Kwihara, tumeinama kama kuku, tukampelekea mama, naye akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Nilipokua nikasoma kwamba shanga hizo zilinunua pembe, na zilinunua watu. Nikaja mbio kumwambia. Akanijibu kwamba alilijua hilo kabla sijazaliwa, na ndiyo maana hajawahi kuzivaa.

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, miaka ishirini na kitu sasa. Nina mdomo na nina hasira za karibu, na wanafunzi wamenipa jina ambalo wanadhani silijui. Siwezi kuvumilia mtu anayesema jambo asiloweza kulithibitisha. Kisa hiki ni cha mdomo wangu huo huo, kwa hiyo sitakimung'unya.

Chuoni Dar es Salaam nilikutana na kanuni moja iliyonitia wazimu. Chukua shanga za rangi mbili, uzipange kwenye mstari upendavyo, kwa akili zako zote au kwa kufumba macho. Zikifika tisa, lazima kuna tatu za rangi moja zilizoachana kwa hatua sawa: labda ya kwanza, ya tano na ya tisa, labda tatu zilizofuatana tu. Hukwepi. Na ukitaka nne zilizoachana sawa, au mia, utazipata, ilimradi uzi uwe mrefu vya kutosha. Ongeza rangi utakavyo, habari ni ile ile. Fujo kamili haipo duniani.

Mwalimu wetu, mzee mpole aliyevaa koti hata kwenye joto la Machi, alituonyesha pia njia nyingine ya kuthibitisha, ambayo haihesabu chochote. Alisema tuwaze nyuzi zote zisizo na mwisho kama mtaa mmoja mkubwa. Nyuzi mbili ni majirani kama shanga zao za mwanzo zinafanana, na kadiri zinavyofanana mbali zaidi ndivyo nyumba zinavyokaribiana. Sasa shika uzi mmoja, uusogeze ushanga mmoja, tena mmoja, tena mmoja. Kila ukisogeza umehama nyumba. Akatuthibitishia kwamba katika kuhama huko kuna mahali utajikuta umerudi jirani na ulipoanzia, tena na tena, kwa hatua zilizo sawa, utake usitake. Siku ile nilitoka darasani nikisahau kula.

Niliporudi Tabora niliiona kanuni hiyo kila kona. Mtu akiniambia mabasi ya njia ya Nzega hupinduka kila baada ya miezi fulani, nilimkata kauli. Mtu akiniambia nyumba fulani kila mpangaji wa tatu anaachika, nilicheka. Orodha ikishakuwa ndefu, nilikuwa nawaambia, mpango lazima utokee, na wala haumaanishi kitu. Nilikuwa sahihi, na nilipenda mno kuwa sahihi.

Sasa uzi wa mama. Mimi, binti mkubwa, ndiye ushanga wa kwanza. Wa pili ni mdogo wangu wa kiume aliyefariki nikiwa na miaka minne. Ninachokumbuka ni mikono yake iliyovimba na mama akiikanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Wa sita alikuwa msichana, naye hakufika miaka mitatu. Enzi hizo kila homa ilikuwa malaria, na isiyokuwa malaria ilikuwa jicho la mtu. Wa tano, mdogo wangu ninayempenda kuliko wote, aliolewa na mtoto wa baba yetu mdogo. Kwetu hiyo ni ndoa ya heshima, hata baba na mama walikuwa watoto wa ndugu. Mtoto wake wa kwanza alikuwa ushanga wa kumi kwenye uzi, na huyo pia tulimzika kabla hajaanza kutembea vizuri. Wengine wote walikuwa weupe, wazima, wasumbufu, wanakula.

Wa kumi na nne alikuwa binti wa mdogo wangu huyo huyo. Alikuwa na tabia moja: ukimbeba tu, mkono wa kwanza unakwenda kwenye miwani yako. Anaivua, anaiangalia, anaitia mdomoni. Nilijifanya kumkasirikia, na yeye alijua kabisa kwamba ni uongo.

Jumamosi moja baada ya adhuhuri mama alituita, mimi na mdogo wangu. Nilimkuta kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, uzi ameutoa msumarini na kuulaza mbele yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Mtoto alikuwa mapajani kwa mama yake. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, analia kile kilio cha chini cha mtu aliyechoka kulia. Viganja vyake vilikuwa vimevimba, na vidole vimekuwa vinene, vya moto. Zahanati walishampa dawa ya malaria mara mbili mwezi ule.

Mama akapitisha kidole juu ya uzi, akihesabu kwa sauti. Nyeupe moja, nyeusi. Nyeupe tatu, nyeusi. Nyeupe tatu, nyeusi. Nyeupe tatu. Alipofika kwa wa kumi na nne akauacha uzi. Halafu akaushika mkono wa mtoto, akasema vidole hivi anavijua, alishavikanda. Alitaka mtoto apelekwe hospitali kubwa akapimwe damu yote, si ile ya kutobolewa kidole ukapewa vidonge. Hospitali ni dakika kumi kwa bodaboda. Hakuna aliyeniomba nauli wala ruhusa ya kazini. Niliombwa kukubali tu, maana shemeji yangu alikuwa Kaliua kwenye mambo yake ya mbao, na kwenye simu alikuwa amesema atakalosema mwalimu ndilo litakalofanyika.

Nami niliposikia nyeupe tatu nyeusi, nyeupe tatu nyeusi, damu ya ualimu ikanipanda. Sikumtazama mtoto tena. Nilivuta lile kopo la shanga, nikamwaga kiganjani, nikamwekea mama tisa kila rangi. Nikamwambia apange tisa kwenye mstari, rangi anavyotaka, na akiweza kuzipanga bila tatu za rangi moja kuachana sawa, mimi mwenyewe nitambeba mtoto mpaka hospitali.

Mama alikuwa mtu wa kukubali mchezo. Alivuta miguu, akaanza. Mara ya kwanza nilimwonyesha kosa akiwa kwenye ushanga wa sita. Mara ya pili, wa saba. Akawa anatafuna mdomo wa chini, anarudia, anazisogeza kwa ncha ya ukucha. Kwa kweli alikuwa na akili kuliko wanafunzi wangu wengi, maana mara ya sita alifika nane bila kosa: nyeupe mbili, nyeusi mbili, nyeupe mbili, nyeusi mbili. Nikampongeza. Nikamwambia sasa aweke wa tisa. Akiweka mweupe, wa kwanza na wa tano na wa tisa wanakuwa weupe. Akiweka mweusi, wa saba na wa nane na wa tisa wamefuatana. Alishika ushanga mmoja kila mkono na kuzitazama muda mrefu.

"Umeona mwenyewe, mama," nikamwambia. "Mpango lazima utokee. Haumtafuti mtu."

"Haya, mwalimu," akasema.

Mdogo wangu akacheka. Nadhani alikuwa hajacheka wiki tatu. Nami nikaongeza ya kuongeza, kwamba foleni ya hospitali imejaa wakohozi, mtoto ataenda na homa arudi na surua, yote kwa sababu ya vioo vya kuokota mferejini. Mama akasema tena kuhusu vidole, kwa sauti ndogo. Nikamjibu kwamba ni meno yanaota, watoto huvimba. Hilo sikuwa na kanuni yoyote nyuma yake. Nililisema kwa sauti ile ile niliyotumia kwa shanga, na hakuna aliyejua tofauti. Mdogo wangu akamfunga mtoto mgongoni, akarudi kwake Itetemia. Mimi nilipita sokoni nikanunua ndizi, najisikia mtu.

Uvimbe ulipoa baada ya siku chache. Nikampigia mama simu kumwambia. Nilimpigia mahsusi kwa ajili ya hilo, niseme ukweli, sikuwa na salamu nyingine. Akasema alhamdulillahi.

Miezi minane ikapita, na homa za hapa na pale. Kisha Jumatano moja nikiwa nasahihisha mitihani kwenye chumba cha walimu, simu ikaita, mdogo wangu, na hakuniamkia. Alisema mtoto amekuwa mweupe kama karatasi na tumbo limekuwa gumu upande wa kushoto. Nikamwambia achukue bajaji, nakuja. Niliwakuta mapokezi. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye kanga, midomo haina rangi. Nilipomwinamia aliiangalia miwani yangu. Mkono haukuinuka.

Daktari alikuwa kijana. Alimbonyeza tumbo, akavuta kope la chini la jicho, akageuka na kuuliza swali moja tu: mtoto huyu amewahi kupimwa seli mundu? Mdogo wangu hakumjibu daktari. Alinigeukia mimi. Alinitazama kama ilivyokuwa kawaida yake tangu utotoni, akisubiri jibu kwa dada yake mkubwa. Nikasema hapana, hajapimwa. Wakakimbia kutafuta damu ya kumwongezea. Kabla ya alasiri alikuwa ametutoka.

Baadaye daktari alitueleza kwa upole ambao sikuustahili. Ugonjwa huu unatoka kwa wazazi wote wawili. Kila mmoja anabeba nusu na haumwi, hajui, anaishi mpaka uzee. Wakikutana wawili waliobeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Bandama linaweza kumeza damu yote ya mtoto ndani ya saa chache. Dalili za mwanzo mara nyingi ni mikono na miguu kuvimba, mtoto akiwa bado mchanga. Akijulikana mapema kuna dawa, kuna namna ya kumfundisha mama kupapasa tumbo kila asubuhi. Alikuwa anaongea na sisi wote, lakini mimi niliona ananisomea hati ya mashtaka.

Msibani wanawake walinong'ona habari za uzi, kwamba umetimiza hesabu yake. Shemeji yangu aliwasili na treni ya Kaliua baada ya maziko, akaketi karibu nami na kunishukuru kwa kukimbilia hospitali. Nilitamani anipige.

Nimeipitia hoja yangu mara nyingi tangu hapo, mstari kwa mstari, kama ninavyopitia kazi ya mwanafunzi. Kanuni haina kosa. Katika shanga tisa mpango utatokea, hilo halijabadilika na halitabadilika. Lakini kanuni inasema tu kwamba mpango fulani hauna budi kuwepo. Haisemi kwamba huu uliopo hauna chanzo. Uzi wa mama ulikuwa na nyeusi tatu zilizoachana sawa, na hiyo inaweza kuwa bahati tupu. Ulikuwa pia na nyeusi tatu, basi, watoto watatu waliozikwa wakiwa wadogo katika nyumba iliyooana yenyewe kwa yenyewe vizazi viwili. Hilo halikuhitaji kuachana sawa. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiruka hatua kama ile niliyoruka mimi namwekea alama nyekundu ya kosa na kumwambia arudie.

Siku ya arobaini mama aliniita chumbani. Uzi ulikuwa mkekani, kopo pembeni. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliniambia nifanye mimi. Ushanga wa mwisho hauna usumbufu, hakuna cha kufumua. Unafungua fundo, unatoa, unaweka. Ule mweupe ukaniponyoka na kubingirika chini ya kitanda. Niliinama kuutafuta, na nikiwa kule chini, uso kwenye sakafu, nikamwomba msamaha. Nilimwambia kwamba alikuwa sahihi kuhusu shanga.

"Shanga ni zangu za kukumbukia tu," akasema. "Nilikuambia vidole, mwanangu. Wewe ukanijibu shanga."

Hakusema kwa hasira. Alinyoosha mkono, akaupokea ule mweupe, akaupangusa vumbi kwa kanga na kuurudisha kwenye kopo. Nililia pale chini kwa sauti, mtu mzima, na mama aliniacha nilie.

Mwaka uliofuata mdogo wangu alishika mimba tena. Tulikuwa tunasalimiana, tunasaidiana kupika kwenye shughuli, lakini alikuwa ameacha kuniuliza mambo. Hata bei ya gesi alikuwa haniulizi. Akajifungua mtoto wa kiume, ushanga wa kumi na tano. Mashangazi walikuja na furaha yao: huyu yuko kwenye nyeupe tatu, huyu hana neno, uzi wenyewe umesema. Waliniangalia mimi nikubali, maana sasa walidhani nimeshaongoka. Ni mama aliyewakata, akasema arobaini isipite mtoto hajapimwa, na uzi ukae msumarini unyamaze.

Mdogo wangu alinipigia simu asubuhi ya kwenda kuchukua majibu. Alisema nije nishike foleni yeye akinyonyesha. Nilikwenda. Tulikaa kwenye benchi la maabara zaidi ya saa mbili, mtoto amelala, mikono yake imekunjwa, vidole vyembamba, vizima, havina dalili ya kitu chochote. Nilivihesabu kwa macho kila nikigeuka. Jina lilipoitwa tuliinuka wote wawili.

Karatasi ilikuwa na mstari mmoja. Mtoto anao. Muuguzi akaanza kueleza kliniki ya kila mwezi, vidonge, chanjo, mahali pa kupapasa tumbo, na mdogo wangu alikuwa anaitikia kila neno kwa kichwa. Mimi maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni. Kwamba nafasi ni moja kati ya nne kila mara, na mimba moja haiijui nyingine. Kwamba shangazi wangetupumbaza vile vile nilivyowapumbaza mimi, wao kwa kuamini uzi na mimi kwa kuudharau. Kwamba safari hii tumejua mapema. Nikavuta pumzi nianze.

"Dada," akasema, "usinieleze. Mshike mtoto nisikilize."

Akaninyooshea. Nikavua miwani mwenyewe, nikaitia mfukoni, nikampokea.